Nyayo Zisizosikia Moto

Jua la Oktoba linajulikana Likasi nzima, na wanaoishi upande wa Kakontwe wanalijua zaidi, maana kule mawe meupe ya machimbo hulipokea na kuwarudishia watu usoni. Kwa hiyo nikisema kwamba Mama Mbombo alisimama pekupeku juu ya mwamba mweusi, saa sita mchana, nusu saa nzima, bila kunyanyua hata kidole, msidhani natia chumvi. Waliokuwepo walizidi mia moja, na wote waliona.

Desturi ya kanisa lao ilikuwa hivi. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, waumini walifunga siku tatu kuomba mvua, na siku ya nne wakapanda kilima kilicho nyuma ya machimbo. Chini ya kilima kila mtu alivua viatu kwa heshima ya mahali pale, akaviacha kwenye rundo, akapanda mpaka kwenye mwamba mpana ulio juu. Walizoea kupanda alfajiri, mwamba ukiwa bado na baridi ya usiku. Lakini mwaka ule gari lililobeba ngoma na vipaza sauti liliharibika njiani, na mchungaji Gauthier, kijana mwenye moyo mkubwa na saa mbovu, akasema wangoje. Wakangoja. Walipofika juu, jua lilikuwa utosini.

Mwamba ukawapokea. Wazee wa kanisa waliopanda kwa madaha wakaanza kurukaruka kama karanga kwenye kikaango. Wanakwaya walitandika vitenge vyao chini na kusahau aibu. Mchungaji mwenyewe alihubiri kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mbombo peke yake, aliyekuwa amefumba macho akiomba, hakujua kinachoendelea. Alipoyafumbua alikuta watu wamemzunguka, wanamtazama miguuni.

"Mama Mbombo," mchungaji akamwuliza kwa sauti ya chini, "weye hausikie moto?"

Mbombo akaisikilizia miguu yake kana kwamba ni miguu ya mtu mwingine. Ilikuwa kimya, tena baridi kidogo.

"Papa Pasteur, minye sisikie kitu."

Watu wakapiga magoti, wenye vitenge kwenye vitenge, wasio navyo wakachuchumaa. Mmoja akaanza kulia, wengine wakafuata, na hakuna aliyelia kuliko Mbombo. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Miaka thelathini alikuwa ameuza dagaa sokoni, na katika miaka hiyo yote watu walimtazama usoni ili tu kuomba nyongeza. Leo Mungu alikuwa amemwona. Alihisi hofu tamu, ile inayomsimamisha mtu nywele, akashuka kilima kile akiwa hana hakika kama anakanyaga ardhi.

Hakuwa na hakika, na ndivyo ilivyokuwa kweli. Hakuwa ameihisi ardhi kwa muda mrefu. Miaka kumi na mmoja alikuwa na ugonjwa wa sukari, akinywa vidonge anapovikumbuka. Mwaka uliopita kandambili ilimvuka njiani, akatembea hatua mia bila kujua, mpaka muuza mayai akamkimbilia nayo mkononi. Walicheka siku ile. Mbombo mwenyewe alicheka kuliko wote.

Nyumbani alimkuta mumewe Floribert amekaa mlangoni anatengeneza redio. Floribert alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye nyaya za umeme zinazotoka bwawa la Mwadingusha, na sasa alikuwa amestaafu. Alimwamini Mungu, ila alimwamini siku ya Jumapili tu na akiwa ameketi kwenye kiti. Kupanda vilima aliwaachia wenye magoti. Mbombo akavua kandambili mlangoni, akampita huku akimsimulia muujiza, akaingia sebuleni, akazunguka meza, akaenda jikoni kunywa maji, akarudi. Alikuwa angali anasimulia alipogundua kwamba mumewe hamsikilizi. Floribert alikuwa anatazama sakafu.

Sakafu yao ilikuwa ya saruji nyekundu, Mbombo aliipaka rangi na kuing'arisha kila Jumamosi. Juu yake, kuanzia mlangoni mpaka jikoni na kurudi, zilikuwa nyayo za maji. Nje hapakuwa na tone la maji tangu mwezi wa tano.

Floribert akamkalisha kitini, akaunyanyua mguu wa kushoto, akaugeuza. Wayo wote ulikuwa umevimba malengelenge meupe, moja kubwa kama yai la bata, na lingine limepasuka na ngozi inaning'inia. Mguu wa kulia haukuwa na nafuu kubwa. Mbombo aliinama akautazama. Kwa muda hakuweza kuamini kwamba kitu kile ni chake. Alikigusa kwa kidole, na kidole kikasikia unyevu na joto, lakini mguu haukusema neno. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipompata, na haikuwa tamu hata kidogo.

Jirani alifika mbio na dawa ya meno, akisema ndiyo inayotoa moto. Floribert akamshukuru na kumrudishia dawa yake. Kazini walikuwa wamefundishwa, na walikuwa wameona wenzao wakiungua: maji safi ya baridi, mengi na kwa muda mrefu, kisha kitambaa safi, na lengelenge lisipasuliwe. Akaweka miguu ya mkewe juu ya beseni, akamimina maji kikombe baada ya kikombe, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Mbombo aliyaona maji yakipita juu ya miguu yake. Kisha Floribert akaifunga kwa shuka lililopigwa pasi, akaita taksi ya pikipiki.

Kwenye kituo cha afya walimkuta muuguzi Emmanuella, binti mwembamba mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Aliuliza juu ya sukari, akaipima, akasikia habari za kufunga siku tatu bila chakula wala dawa, akaziandika kwenye daftari. Alisafisha vidonda na kumchoma sindano ya pepopunda. Ndipo akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha, mfupi kama unywele wa ufagio.

"Mama, funga macho," akasema. "Kila mara nakugusa, sema 'eeh'."

Mbombo akafumba macho. Alisikia kiti kikisogezwa, akasikia kuku nje ya dirisha, akasikia mumewe akipumua. Alikuwa tayari. Aliazimia asikose hata moja, maana alitaka kuonyesha kwamba miguu yake haina neno. Akangoja, na akaendelea kungoja.

"Mutoto yangu," akasema mwisho, kwa upole, "anza basi."

Emmanuella akajibu kwa sauti ile ile.

"Nilisha kumaliza, mama. Nilikugusa mara makumi mbili."

Mbombo alifumbua macho akakuta uzi umeshawekwa mezani. Muuguzi akaeleza: sukari ikikaa juu miaka mingi huila mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, miguuni. Haipigi hodi. Mtu huanza kuhisi ganzi kidogo, kisha haisikii hata ganzi, akadhani amepona. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Floribert, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akaitikia kwa kichwa polepole, maana kwa mara ya kwanza siku ile mtu alikuwa amesema jambo la fani yake.

"Donc, waya ilikatika," akasema. "Moto iko palepale. Ni kengele njo haina na courant ya umeme."

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Emmanuella akachukua kalamu ya wino, akachora mstari mguuni, chini kidogo ya kifundo, na akasema bila kuzunguka: weusi ukifika pale, Mbombo atapelekwa Lubumbashi, na mguu utakatwa. Wakarudi nyumbani na dawa, na bandeji, na ule mstari.

Sasa sikieni jinsi dunia inavyoweza kumchezea mtu. Jumanne, siku ya tatu baada ya kupanda kilima, mvua ilinyesha. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kuezua mabati. Kanisa likaimba mpaka asubuhi. Ni nani angethubutu kusema tena kwamba miguu ya Mama Mbombo haikuwa ishara? Waumini walikuja kumshukuru makundi kwa makundi, wakileta viazi na sombe ya majani ya muhogo, na Mbombo, akiwa amelala na miguu imeinuliwa juu ya mito miwili, akaifunika kwa kitenge na kusema ana malaria.

Alidanganya, na mimi sitamtetea. Alijiambia kwamba hataki kuitia imani ya watu doa. Ukweli ni kwamba mara moja tu maishani alikuwa ametazamwa kwa macho yale, na hakutaka kuyarudisha. Floribert alisikia neno "malaria" likisemwa mara saba katika wiki moja, akaendelea na kazi aliyojipa. Alikuwa amefungua kioo cha pembeni cha pikipiki mbovu, na kila jioni jua likiwa bado lipo alifungua bandeji alivyoelekezwa, akakishika kioo chini ya miguu ya mkewe ili naye aone. Alizikagua nyayo zile kama alivyokuwa akikagua vikombe vya kauri kwenye nguzo za umeme, toka kisigino mpaka kidole, bila kuruka mahali. Kisha akapima weusi umebakiza kiasi gani kufika kwenye mstari. Siku nyingine ulibakiza upana wa vidole vinne. Siku nyingine vitatu.

Wiki ya tatu alikuja Papa Godefroid, mpiga ngoma wa kanisa, mkata mawe wa zamani wa Kakontwe, mtu mzito mwenye cheko la karibu. Alingoja Floribert atoke, akasogeza kiti, akanong'ona. Yeye pia ana sukari, akasema, Mbombo analijua hilo. Na yeye pia amebarikiwa. Zaidi ya mwaka sasa anaoga maji ambayo mkewe hawezi kutia mkono. Wakati wa baridi aliweka miguu karibu na jiko la mbabula, makaa yakiwa mekundu, asisikie kitu. Alikuwa ameona haya kusema, akidhani ni uchawi, mpaka alipomwona Mbombo mlimani. Siku ile yeye alikuwa amebaki kwenye majani na ngoma yake. Mchungaji ametangaza kwamba mwisho wa Novemba watapanda tena kushukuru, saa sita mchana kama mara ile, na safari hii Godefroid atasimama katikati ya mwamba mpaka maombi yaishe.

"Tutakuwa babili, Mama Mbombo," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Weye na minye."

Mbombo alifungua mdomo. Chini ya kitenge, hatua moja kutoka kwenye magoti ya yule mzee, kulikuwa na jibu lake lote. Angenyoosha mkono tu na kukifunua. Badala yake akasema Mungu ni mwema, Papa Gode, na Godefroid akaondoka akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na msinidhanie nasema ni kwa sababu ya vidonda, maana vidonda havikumwuma kamwe.

Wiki iliyofuata kidole kidogo kilikatwa hospitalini. Alikiona kikiondoka bila kuhisi zaidi ya kuvutwa, akalia, si kwa maumivu bali kwa kukosa maumivu. Lakini weusi ulikuwa umesimama. Ulikuwa umefika vidole viwili kutoka kwenye mstari na ukakaa pale kama ng'ombe aliyegoma. Na jioni moja, kwenye kioo cha pikipiki, Floribert akamwonyesha kitu kingine. Pembeni mwa kidonda, kuzunguka pande zote, palikuwa na ukingo mwembamba wa waridi, unaong'aa. Ngozi mpya. Kesho yake ukingo uliongezeka kwa upana wa uzi, na kesho kutwa yake uzi mwingine.

Mbombo hakuchoka kuutazama. Hakuhisi chochote, hakuuamuru, hakuusaidia kwa lolote ila kuacha kuukanyaga na kunywa dawa kwa saa yake. Na huku gizani, ndani ya bandeji, mwili wake ulikuwa ukijishona kimya kimya. Alishikwa na mshangao mkubwa kuliko ule wa mlimani. Na kutoka kwenye mshangao ule likamjia wazo lililomfanya aketi wima kitandani. Siku ile juu ya mwamba watu zaidi ya mia walikuwa wamerukaruka na kulalamika na kutandika vitenge, na nyayo zao zote zilirudi nyumbani salama. Yeye peke yake alisimama kwa amani. Nani basi alikuwa amelindwa?

Siku ya shukrani ilikuwa Jumamosi, na jua la kati ya mvua na mvua ndilo kali kuliko yote. Mbombo alimwomba Emmanuella amwazime kile kijiti chenye uzi. Muuguzi akampa, akamkataza kukanyaga chini. Floribert akatafuta pikipiki, akampandisha, akaketi nyuma yake kumshika, miguu ya mkewe iliyofungwa imening'inia pembeni ndani ya viatu vikubwa vya wazi.

Walifika chini ya kilima watu wanavua viatu. Rundo lilikuwa kubwa. Walipomwona, wimbo ukapanda na watu wakapasua njia, na mchungaji Gauthier akaja na kipaza sauti, uso wake unang'aa, akisema mama aliyekuwa mgonjwa Mungu amemwinua, leo atatoa ushuhuda. Godefroid alikuwa mbele kabisa, pekupeku, ngoma begani. Floribert akambeba mkewe na kumkalisha juu ya jiwe kivulini.

Mbombo alikuwa ametunga maneno njiani. Yote yakapotea. Kwa hiyo akainama, akafungua bandeji ya mguu wa kushoto, akaunyoosha mbele ili wote waone ngozi ya waridi, na kidonda kilichobaki katikati, na mahali ambapo kidole hakipo.

Wimbo ukakatika kipande kwa kipande, mbele kwanza, kisha nyuma.

"Niliwabeshea," akaungama uongo wake kwenye kipaza sauti. "Haikukuwa malaria. Mwamba uliniunguza. Minye sikusikia juu ya sukari ilikula miguu yangu. Beye benye mulikuwa munaruka, beye njo Mungu alichunga, siyo minye."

Mchungaji alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, na mvua je? Mbombo akajibu kwamba mvua ni ya Mungu na atamshukuru mpaka kufa, lakini miguu ilikuwa ya sukari, na anayetaka kushukuru anaweza kushukuru akiwa na viatu. Kisha akamwita Godefroid. Mzee akaja akicheka kidogo, kama mtu anayekwenda kutunzwa, akakaa chini na kunyoosha miguu.

"Funga macho, Papa Gode. Kila mara nakugusa, sema 'eeh'."

Godefroid akafumba macho. Mbombo akautoa uzi. Aligusa kidole gumba, na watu walio karibu wakauona uzi ukipinda. Akagusa katikati ya wayo, akagusa ukingoni, akahamia mguu wa pili. Kila mara alingoja. Watu wakasogea, wakasimama kwenye ncha za vidole, wakazuia watoto wao wasilie. Godefroid alikuwa ameketi wima, uso juani, anatabasamu, ametega sikio kama mpiga ngoma anayengoja ishara. Mbombo alifika mara ya ishirini, akauweka uzi mapajani, akautazama tena wayo wa kushoto, palipoganda vumbi jeupe.

"Mama Mbombo," Godefroid akasema kwa upole, "anza basi. Jua inapanda."

Mbombo akamgeukia mchungaji, akamwomba viatu vya Papa Godefroid, na akamwambia atie mkono ndani kwanza mpaka mwisho, kama muuguzi alivyomfundisha yeye.

Gauthier akaviokota kwenye rundo, akapiga magoti. Akatia mkono katika kiatu cha kulia, hakuna kitu. Akatia katika cha kushoto, akasita. Akakipindua, na kokoto ya machimbo, nyeupe, yenye ncha, kubwa kama punje ya haragwe, ikaanguka juu ya jiwe na kulia. Mzee alikuwa amekuja na viatu vile kwa miguu kutoka nyumbani kwake, mwendo wa saa nzima.

"Nini imeanguka?" Godefroid akauliza, macho yangali yamefumba.

Mbombo akamwambia afumbue. Mzee aliitazama ile kokoto, kisha akaukamata mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili, akaugeuza, akaliona tundu lenye ukubwa ule ule, bichi, limejaa vumbi jeupe. Halafu akaushusha ule mguu taratibu, na Floribert akaenda kutafuta maji safi.